Kisumu hadi Entebbe kwa dakika 49? Kwa ndege gani?

Leo tuna hesabu kidogo, lakini msikimbie. Ni hesabu ya darasa la nane na mwisho wake inahusu mfuko wako.

Kuna aina moja ya tovuti ambayo sisi waandishi wa programu tunaipenda kwa sababu ni rahisi sana kuitengeneza. Unaandika mji wa kwanza, unaandika mji wa pili, unabofya. Inakujibu mambo mawili: umbali wa kilomita kadhaa, na muda wa safari kwa ndege. Delhi hadi Tokyo, Nairobi hadi Dubai, Kisumu hadi Entebbe, wewe taja tu. Haikosi jibu hata siku moja. Na ugomvi wangu nayo uko hapo hapo: haikosi jibu hata pale ambapo hakuna ndege ya moja kwa moja.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubaliana nami ajipange. Umbali ni kitu unachoweza kukokotoa. Muda wa safari ya ndege huwezi kuukokotoa kwa umbali peke yake. Programu inayotoa namba ya pili kana kwamba ni pacha wa ile ya kwanza inapotosha watu, na hapa Obunga nimeona watu wakipanga mambo mazito kwa kuitegemea.

Umbali: hapa hakuna ubishi

Tuanze na sehemu iliyo sawa. Dunia ni kama mpira wenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371 hivi. Njia fupi kati ya sehemu mbili juu ya mpira ni tao, na kuna fomula ya zamani iitwayo haversine inayokupa urefu wa tao hilo ukiipa latitudo na longitudo za pande zote mbili. Mistari sita ya msimbo na umemaliza. Dunia si mpira kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hiyo fomula hukosea kidogo, lakini kosa lake halizidi karibu nusu ya asilimia moja. Kwa msafiri hilo si kitu.

Sisi wa Kisumu tuna bahati zaidi. Uwanja wetu wa ndege uko kama dakika 5 tu za latitudo kusini mwa ikweta, longitudo digrii 34 na dakika 44 mashariki. Karibu na ikweta, digrii moja ya latitudo na digrii moja ya longitudo zote ni kama kilomita 111. Maana yake unaweza kuachana na haversine, ukachukua karatasi na kanuni ya Pythagoras, ukapata jibu lile lile. Mtu wa Delhi anayetaka kwenda Tokyo hana raha hiyo. Huko juu digrii za longitudo zinazidi kubanana, na njia fupi ikichorwa kwenye ramani ya ukutani inaonekana imepinda kuelekea kaskazini.

Basi nimepiga hesabu, uwanja kwa uwanja, kwa mstari ulionyooka:

- Kisumu hadi Nairobi (JKIA): kilomita 280
- Kisumu hadi Entebbe: kilomita 255
- Kisumu hadi Mwanza: kilomita 329
- Nairobi hadi Entebbe: kilomita 521
- Nairobi hadi Mwanza: kilomita 461

Angalia orodha hiyo tena. Kutoka Kisumu, Entebbe iko karibu kuliko Nairobi! Ni jambo ambalo mtoto yeyote mwenye ramani ya Ziwa Victoria analiona, ila sisi watu wazima tumelisahau kwa sababu barabara zetu, benki zetu na ofisi zetu zote zinatazama Nairobi.

Muda: hapa ndipo wanapotupiga chenga

Sasa twende kwenye namba ya pili. Tovuti nyingi za aina hii zinafanya hivi, usishangae:

dakika = (kilomita / 800) * 60 + 30

Basi. Hakuna siri nyingine. 800 ni mwendo wa ndege kubwa ya jeti ikiwa juu, na 30 ni nyongeza ya kuruka na kutua. Nyingine hutumia 850 au 900, nyingine haziongezi hata hizo 30.

Kwa Kisumu na Nairobi fomula inatoa dakika 51, na ratiba za mashirika ya ndege huandika kama dakika 45 mpaka 55. Mtu atasema, si unaona, inafanya kazi! Inafanya kazi kwa bahati. Jambojet kwa mfano hutumia Dash 8-400, ndege ya mapangaboi ambayo mwendo wake wa juu ni kama kilomita 660 kwa saa, haijawahi kuona 800. Ndege hiyo hiyo inapaswa kutembea kutoka kituoni hadi mwanzo wa njia ya kurukia, ipande juu ya milima ya Mau, ianze kushuka karibu mara tu imemaliza kupanda, halafu ingoje zamu yake JKIA kama kuna foleni. Dakika zinaliwa huko. Mstari ulionyooka hauna habari na mambo hayo. Makosa mawili yamekutana njiani yakafutana, na jibu likatoka zuri.

Tuchukue miji miwili ya Asia ili msiseme naionea tovuti kwa mifano ya nyumbani. Delhi na Tokyo zimetengana kwa karibu kilomita 5,900. Umbali ni ule ule ukienda au ukirudi. Lakini ndege inayotoka Delhi kwenda Tokyo husukumwa mgongoni na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi, na inayorudi hupigana nao usoni. Tofauti huzidi saa nzima, hasa majira ya baridi. Umbali mmoja, muda mbili. Fomula yenye umbali peke yake itaipata vipi hiyo?

Kisha kuna siasa. Delhi na Lahore zimetengana kwa kilomita 420 hivi, umbali ambao fomula ingeupa saa moja na dakika mbili. Mwezi Aprili 2025 India na Pakistan zilifungiana anga, kila moja ikizuia ndege za mwenzake. Siku hiyo fomula haikubadilika hata kidogo. Iliendelea kusema saa moja na dakika mbili.

Upande wa pili wa Asia kuna Seoul na Jeju nchini Korea Kusini, kilomita 450 hivi, moja ya njia zenye abiria wengi kuliko zote duniani. Ndege zinafuatana siku nzima kama matatu za Kondele. Huko, ukiambiwa saa moja na dakika kumi, ni kweli unaweza kuamka asubuhi ukaenda. Sasa linganisha: Delhi na Lahore zina umbali mdogo kuliko Seoul na Jeju, lakini kwa msafiri ziko mbali mno zaidi. Umbali wa msafiri haupimwi kwa kilomita.

Rudi ziwani

Fomula inasema Kisumu hadi Entebbe ni dakika 49. Fungua ukurasa wa kununua tiketi uone unachopewa. Kwa kawaida unapelekwa Nairobi kwanza: kilomita 280 kuelekea kusini mashariki, halafu unarudishwa kilomita 521 kuelekea magharibi, unapita karibu juu ya ulikotoka. Jumla ni kilomita 801 badala ya 255. Gawanya: 3.14. Waliosoma hesabu wataitambua namba hiyo, ni ile ya duara, na kweli tunazungushwa! Kwenda Mwanza kwa njia hiyo hiyo ni kilomita 741 badala ya 329, yaani mara 2.25.

Na hizo ni kilomita tu. Weka muda wa kufika uwanjani mapema, dakika 50 za kwanza, kukaa Nairobi ukisubiri ndege ya pili, mara masaa mawili, mara sita, kisha saa moja na zaidi ya kwenda Entebbe, halafu barabara ya kama kilomita 40 kuingia Kampala. Dakika 49 zimekuwa siku nzima.

Kinachonikera zaidi ni kwamba haikuwa hivi zamani. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilipofungua safari ya kutoka London hadi Mwanza, ndege zake za majini zilishuka Port Bell, zikavuka ziwa hadi Kisumu, kisha zikavuka tena hadi Mwanza. Nairobi haikuwa kwenye mstari. Abiria na barua za Nairobi ndizo zilizoletwa Kisumu kuungana na ndege ya Ulaya. Safari nzima ilichukua zaidi ya wiki, ilikuwa ya wakoloni na matajiri, siisifu. Nasema tu kwamba mtu wa 1931 mwenye pesa aliweza kutoka Kisumu akatua upande wa Kampala bila kuzungushwa, na mjukuu wake leo, mwenye simu inayomwambia dakika 49, anapelekwa Embakasi kwanza.

Nani anaumia?

Utasema, we jamaa, hizi ni hesabu za watu wenye nauli ya ndege, Obunga wangapi wanapanda ndege? Swali zuri. Uwanja wa Kisumu uko kilomita chache kutoka hapa, ndege tunazisikia kila siku, na wengi wetu hatujawahi kuingia ndani ya hata moja. Ndiyo sababu namba ya uongo inatuumiza sisi kuliko wengine. Anayesafiri kila wiki anajua kwamba dakika 49 ni utani. Asiyesafiri hana cha kuilinganisha nacho.

Nitatoa mfano mmoja. Jirani yangu, mama anayekaanga mgongo wazi, alipata habari kwamba kaka yake amelazwa Kampala na hali si nzuri. Jamaa na majirani walikutana jioni, wakachanga, kama ilivyo desturi yetu. Kijana mmoja akatoa simu, akaandika miji miwili, akasoma kwa sauti: dakika arobaini na tisa. Mkutano ukabadilika pale pale. Wazee wakasema kama ni chini ya saa moja, basi mama apande ndege asubuhi, amwone kaka yake, arudi jioni, hakuna haja ya pesa ya kulala. Bajeti ikaandikwa upya. Kesho yake wakala wa tiketi akawaambia ni kupitia Nairobi, bei ni karibu mara mbili ya walichofikiria, na nafasi ya kuunganisha siku hiyo haipo. Siku moja ilikuwa imekwenda bure.

Mama mwenyewe aliniuliza, "Mwanangu, kompyuta iliona ndege gani?" Nikamjibu, "Mama, haikuona ndege. Iligawanya tu." Alipanda gari la Busia. Ni kama kilomita 320 kwa barabara hadi Kampala, na tangu mwaka 2018 pale Busia unagongewa muhuri wa nchi zote mbili kwenye kituo kimoja cha mpakani, hiyo imesaidia sana. Alimkuta kaka yake akiwa hai, na alikaa naye siku nne. Lakini siku ile iliyopotea ingeweza kuwa ndiyo yenyewe.

Sasa niambie, aliyeandika ile fomula ya mstari mmoja alimsaidia nani?

Najua mtakachonijibu

Wenzangu wa kazi hii watasema mambo mawili.

La kwanza: "Ni makadirio tu, tumeandika hivyo chini ya ukurasa." Ndugu zangu, hakuna anayesoma maandishi ya kijivu chini ya ukurasa. Na makadirio ni ya kitu kilichopo. Nikikadiria bei ya samaki sokoni Kibuye, samaki wapo. Ukikadiria muda wa ndege isiyokuwepo, hayo si makadirio, ni hadithi.

La pili: "Ratiba halisi za ndege zinauzwa ghali, sisi wadogo hatuna pesa ya kuzinunua." Hili ni kweli kabisa, na nina huruma nalo. Lakini jibu lake ni rahisi: kama huna ratiba, toa umbali peke yake unyamaze. Fundi asiye na rula hapimi kwa macho halafu akaandika milimita.

Ninachopendekeza

Kama unatengeneza kitu cha namna hii, hata kama ni cha mazoezi ya chuo, nakuomba ufuate haya manne:

1. Uite mstari ulionyooka kwa jina lake. Andika "umbali wa moja kwa moja angani", usiandike "umbali wa safari".

2. Kama hujui kwamba kuna ndege ya moja kwa moja, usitoe muda. Andika "hatuna habari za ndege ya moja kwa moja". Programu inayosema sijui ni programu yenye adabu.

3. Kama ndege ipo, toa muda wa ratiba na useme wazi kwamba ni wa kiti hadi kiti, si wa mlango hadi mlango. Kisumu hadi Nairobi ni dakika 50 kwenye ratiba, lakini kutoka Obunga hadi katikati ya jiji la Nairobi panga masaa manne: bodaboda, ukaguzi, kusubiri, mizigo, msongamano. Bado ni nusu ya muda wa basi la usiku, kwa hiyo ukweli hauiaibishi ndege.

4. Ukiweka kurasa za Kiswahili, chunga saa. Nimeona ukurasa uliotafsiriwa na mashine ukiandika 07:00 kuwa "saa saba". Kwetu 07:00 ni saa moja asubuhi. Mzee akifika uwanjani saa saba mchana, ndege yake imekwishatua Nairobi na kurudi.

Na kwa wale wanaopanga safari za ndege Afrika Mashariki, neno moja. Mwaka 1999 nchi za Afrika zilikubaliana kupitia Uamuzi wa Yamoussoukro kufunguliana anga, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua Soko Moja la Usafiri wa Anga, Kenya ikiwemo. Uwanja wa Kisumu ulipandishwa hadhi ukawa wa kimataifa, na njia yake ya kurukia ikarefushwa kupita kilomita 3. Najua abiria wa kujaza ndege kila siku kwenda Entebbe huenda hawatoshi, na mafuta si maji ya ziwa. Lakini ndege ndogo mara mbili tatu kwa wiki, inayozunguka miji ya ziwa? Hesabu hiyo ifanywe na wenye takwimu za abiria, na iwekwe hadharani tuione. Ile 3.14 si sheria ya maumbile. Ni uamuzi wa watu, na watu hubadilisha maamuzi.

Mpaka hapo itakapobadilika, namba yangu kwa Kisumu hadi Entebbe ni hii: kilomita 255, na muda usiulize kompyuta, uliza wakala wa tiketi na dereva wa Busia, wote wawili, kabla hamjaandika bajeti.

Ukiwa mwandishi wa programu na unaona nimeonea, andika hapo chini tubishane. Ukiwa na miji miwili ya kwenu yenye mzunguko unaopita 3.14, ilete pia, na kilomita zake. Nitazipanga kwenye jedwali tuone nani anazungushwa zaidi.